Mtawa wa Kisuludini: Maisha ya Johannes Rebmann (1820–1876)

Wahenga walinena kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Usemi huo umebeba falsafa nzima ya jamii za Kiafrika: mtu ni watu, na anayejitenga na wenzake hujitakia njaa ya mwili na ya roho. Hata hivyo, katika kila zama huzuka watu wanaoupa mgongo mkusanyiko na kuchagua upweke. Mtakatifu Antonio alikimbilia jangwa la Misri zaidi ya miaka 1,700 iliyopita. Katika Uislamu, itikafu humweka mja msikitini siku kadhaa, mbali na shughuli za soko na nyumba. Kiswahili chenyewe kina kitenzi kutawa, yaani kukaa ndani bila ya kujitokeza hadharani, na kutokana nacho kumezaliwa nomino mtawa, mcha Mungu aliyejitenga na mambo ya dunia.

Kwa nini mtu hutawa? Aghalabu jibu hutafutwa katika dini au katika maradhi ya akili. Maisha ya Johannes Rebmann, mmisionari aliyeishi Rabai, karibu na Mombasa, kwa miaka 29 bila ya kurudi kwao Ulaya hata mara moja, yanaonyesha kwamba jibu huwa tata zaidi. Wanafunzi wengi humkumbuka Rebmann kwa jambo moja tu, kwamba alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro. Safari zile, hata hivyo, zilichukua sehemu ndogo sana ya umri wake. Sehemu kubwa aliitumia katika nyumba moja mlimani Rabai, akikusanya maneno.

Kutoka Gerlingen hadi Rabai

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na Stuttgart, katika ufalme wa Württemberg ambao leo ni sehemu ya Ujerumani. Eneo hilo lilikuwa na Wakristo wengi wa mkondo uliosisitiza sala ya faragha, usomaji wa Biblia nyumbani na kiasi katika maisha. Malezi hayo yanafaa kuzingatiwa na yeyote anayetaka kuuelewa upweke wake wa baadaye, kwa kuwa alilelewa kuamini kwamba mazungumzo muhimu kuliko yote ni yale ya mtu na Mola wake, mlango ukiwa umefungwa.

Alisomea umisionari katika chuo cha Basel, Uswisi, kisha akapelekwa Uingereza katika chuo cha shirika la kimisionari la Kianglikana lililojulikana kama CMS. Wajerumani wengi waliajiriwa na shirika hilo nyakati hizo, kwa sababu Waingereza waliokuwa tayari kwenda ng'ambo hawakutosha. Rebmann aliwekwa wakfu mwaka 1845, na tarehe 10 Juni 1846 akatia nanga Mombasa.

Aliyempokea alikuwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani mwenzake kutoka Württemberg, aliyekuwa ametangulia miaka miwili. Krapf alikuwa ameshaonja uchungu wa pwani hiyo: mkewe Rosine na binti yao mchanga walifariki Mombasa mwezi Julai 1844. Wazee wa Rabai, mojawapo ya jamii tisa za Wamijikenda ambao wakati huo waliitwa Wanyika, waliwaruhusu wageni hao wawili kukaa kwao. Tarehe 25 Agosti 1846 walipanda mlima wa Rabai wakiwa wote wawili wanatetemeka kwa homa. Hivyo ndivyo kituo cha kwanza cha misheni ya Kiprotestanti katika Kenya ya leo kilivyoanzishwa.

Theluji isiyoaminiwa

Katika miaka ya mwanzo Rebmann hakuwa na dalili yoyote ya utawa. Alikuwa kijana mwenye miguu myepesi. Mwaka 1847 alifika Kasigau, katika nchi ya Wataita. Mwezi Aprili 1848 akafunga safari ya Uchagani akiongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua vyema njia za misafara. Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848 aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Alipomuuliza kiongozi wake weupe ule ni nini, kiongozi hakuwa na jina la kukiita kitu kile. Alichoweza kusema ni kwamba palikuwa na baridi. Neno hilo moja lilimtosha Rebmann. Alikuwa ametoka katika nchi ya theluji, akatambua mara moja alichokuwa akikitazama.

Kisa hicho kina uzito wake kwa wapenzi wa lugha. Ugunduzi ambao vitabu vya historia humpa Rebmann ulipatikana pale neno la Mswahili lilipokutana na kumbukumbu ya Mjerumani. Mmoja aliijua njia na baridi ya mlima ule, mwingine alilijua jina la weupe ule. Kila mmoja, akiwa peke yake, alikuwa na nusu ya maarifa.

Alirejea Uchagani mara mbili. Katika safari ya tatu, mwaka 1849, alinuia kuvuka mpaka Unyamwezi, lakini Mangi Mamkinga wa Machame alimtoza zawadi baada ya zawadi hadi mali ya safari ikamwishia. Rebmann alirudi Rabai mikono mitupu, akiwa na umri wa miaka 29, na hakusafiri tena barani kwa kiwango hicho.

Pigo kubwa zaidi lilitoka London. Taarifa yake ya theluji ilichapishwa mwaka 1849 katika jarida la CMS, na haikukawia kukejeliwa. William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alishikilia kwamba theluji ya kudumu karibu na ikweta ni muhali. Katika kitabu chake cha mwaka 1852 alitilia shaka uwezo wa Rebmann wa kuchunguza na kupima mambo. Krapf naye alikuwa ameuona Mlima Kenya akiwa Kitui mwezi Desemba 1849, na ushahidi wake ukatiliwa shaka vivyo hivyo. Ilimbidi Rebmann asubiri zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1861 na 1862 Baron Karl Klaus von der Decken alipanda sehemu ya mlima na kuthibitisha kwamba mmisionari hakuota ndoto. Mwaka 1871 Charles New aliifikia theluji yenyewe.

Mtu anayesema kweli na kuitwa mzushi hukabiliwa na njia mbili: kupiga kelele zaidi, au kunyamaza na kuiacha kweli ijitetee. Rebmann alichagua kunyamaza. Hakurudi Ulaya kujitetea katika kumbi za wataalamu. Ramani kubwa aliyoiandaa pamoja na mwenzake Jakob Erhardt kutokana na simulizi za wafanyabiashara wa misafara, iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara, ilizua gumzo London mwaka 1856 na kuchochea safari ya Richard Burton na John Hanning Speke. Wasafiri hao walimtembelea Rabai mapema mwaka 1857 na kumwomba aandamane nao. Mtu aliyechora ramani ya ziwa hilo alikataa kwenda kulitazama.

Kupungua kwa watu

Sababu ya pili ya upweke wake haikuwa hiari. Watu waliomzunguka waliondoka mmoja baada ya mwingine. Johannes Wagner alifika mwaka 1849 na kufariki mwaka huohuo. Christian Pfefferle alifika mwaka 1851 na kuzikwa baada ya wiki chache. Krapf, ambaye afya yake ilikuwa imezorota, aliondoka mwaka 1853. Erhardt akaondoka mwaka 1855.

Krapf na Rebmann, licha ya kuheshimiana, walikuwa wametofautiana kwa dhati. Krapf aliota mlolongo wa vituo vya misheni kutoka bahari hadi bahari, akawa mtu wa kusafiri na kupanga. Rebmann aliona kwamba mpango huo ulikuwa sawa na kupanda mbegu juu ya jiwe. Alitaka kukaa mahali pamoja, kununua shamba, kuijua lugha kwa kina na kungoja. Mvutano huo ulikuwa wa mitazamo miwili ya kazi. Mwenye mtazamo wa kukaa, kwa kawaida, ndiye hatimaye huachwa peke yake.

Rebmann alimwoa Emma Tyler, mjane wa Kiingereza, huko Misri mwaka 1851, na mwaka uliofuata wakarejea Rabai. Mtoto wao alifariki akiwa mchanga. Mwaka 1857 mashambulizi ya Wamasai yaliwafukuza watu kutoka viunga vya Rabai, na wanandoa hao wakalazimika kukaa Mombasa na Zanzibar kwa takriban miaka miwili. Waliporudi, walikaa Kisuludini, kituo kilichokuwa kando ya Rabai. Emma alifariki mwaka 1866. Rebmann alikuwa na umri wa miaka 46, bila mke, bila mtoto, na bila mwenzake wa zamani hata mmoja. Ruhusa ya kurudi nyumbani ilikuwapo, hakuitumia.

Maneno ya Salimini

Katikati ya misiba hiyo palikuwa na kazi ambayo haikumpa nafasi ya kuondoka. Mnamo mwaka 1853 Rebmann alikutana na Salimini, mtumwa aliyetolewa katika nchi ya Wamaravi karibu na Ziwa Nyasa na kufikishwa pwani na biashara ya binadamu. Kupitia kwake Rebmann alianza kuandika kamusi ya lugha aliyoiita Kiniassa, ambayo leo inajulikana kama Kichewa au Kinyanja na huzungumzwa na mamilioni ya watu nchini Malawi, Zambia na Msumbiji. Rebmann alikuwa hajawahi kuiona nchi ya lugha hiyo, wala hangeiona. Aliijenga kutoka kinywani mwa mtu mmoja aliyekuwa mbali na kwao kwa nguvu.

Hapa kuna sura mbili za utengano ambazo msomaji makini hana budi kuzipambanua. Rebmann alijitenga, Salimini alitengwa. Mmoja alikuwa na nchi ya kurudi na akachagua kutorudi. Mwingine alinyimwa njia ya kurudi, na kilichomsalia cha kwao ni lugha. Kila alipotaja jina la mti, la chombo au la desturi, alikuwa akirejea nyumbani kwa muda mfupi uliotosha kumaliza neno. Kamusi ile, pamoja na ukavu wake wa kialfabeti, ni kumbukumbu ya mtu aliyeporwa jamii yake akiisimulia mbele ya mtu aliyeiacha ya kwake.

Rebmann hakuishia hapo. Alifanya kazi ya kamusi ya Kinyika kwa kuendeleza aliyoyaanzisha Krapf, na akaitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili cha Mombasa. Tatizo lake lilikuwa ukamilifu. Hakuridhika na fasili wala tahajia; alirudia, akasahihisha, akarudia tena. Miaka ilipita bila ya miswada yake mikuu kufika mtamboni. Wakati huo Edward Steere wa Zanzibar alichapa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, kikiegemea Kiunguja. Kiunguja ndicho kilichokuja kuteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Si kwamba Rebmann peke yake angeweza kubadilisha uamuzi huo, ambao ulikuwa na sababu nyingi za kisiasa na kiutawala. Lakini utafiti uliofungiwa sandukuni hauwezi kushindana na kitabu kilicho mezani mwa watu.

Jicho linapofifia

Macho yaliyoiona theluji kabla ya macho mengine ya Ulaya yalianza kufifia. Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyefika Zanzibar mwaka 1873 kushughulikia biashara ya watumwa, alifika Rabai na kumkuta mzee aliyekuwa karibu kipofu. Alikuwa akiishi na Wakristo wachache wa kuhesabika kwa vidole, akiwa bado katika miswada yake. Kwa wakubwa wa misheni, hiyo ilikuwa picha ya kushindwa: zaidi ya robo karne, na mavuno kiganja kimoja. Aliyekuwa mpelelezi wa bara akaonekana kama masalio ya zama zilizopita.

Mtazamo huo haukuwa wa haki kamili. Ulipima upweke wa Rebmann kwa umbali wake kutoka London, ukasahau kupima ukaribu wake na Rabai. Aliyeitwa mpweke alikuwa akizungumza kila siku na majirani. Aliijua lugha yao kwa kina kuliko wageni wengi waliomtangulia na waliomfuata. Mkaa pweke halisi hahitaji neno la mwenzake. Mtunga kamusi, kwa upande mwingine, hawezi kupiga hatua bila ya kumuuliza mtu jambo. Kwa hiyo Rebmann aliitawa jamii moja huku akiishi ndani ya nyingine.

Hata hivyo, si haki pia kumpamba kupita kiasi. Kujitenga kwake kuliigharimu misheni, kwa kuwa aliwapa vijana waliotumwa kumsaidia nafasi ndogo ya kubadilisha jambo. Kuliigharimu taaluma, kwa kuwa miswada ilikawia. Kulimgharimu yeye mwenyewe, kwa kuwa macho yalizimika mbali na matibabu. Upweke ulimpa kina na ukamnyima upana.

William Salter Price alifika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874 kuanzisha makao ya watumwa waliokombolewa, yaliyokuja kuitwa Freretown, na zama mpya zikaanza. Mwaka 1875 Rebmann, akiwa na umri wa miaka 55, aliondoka Rabai. Hakuweza kusafiri peke yake. Aliyemshika mkono hadi Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, kijana wa Rabai. Mwaka 1846 Rebmann alipanda mlima ule akiamini kwamba amekuja kuwaongoza wenyeji. Miaka 29 baadaye mwenyeji ndiye aliyemwongoza kuteremka.

Alikwenda kuishi Korntal, karibu na kijiji alikozaliwa, mahali alipokuwa akiishi Krapf. Wazee hao wawili waliotofautiana ujanani wakawa majirani uzeeni. Mwaka 1876 alimwoa Luise Däuble, mjane wa mmisionari, ili asikae tena peke yake, lakini ndoa hiyo ilidumu miezi tu. Alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 4 Oktoba 1876, akazikwa Korntal.

Mavuno baada ya kaburi

Kazi ya Rebmann iliokolewa na yule aliyetofautiana naye. Krapf aliihariri tafsiri ya Injili ya Luka, iliyochapishwa karibu na Basel mwaka 1876. Mwaka 1877 akaitoa kamusi ya Kiniassa. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf mwenyewe ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kamusi ya Kinyika, yenye majina ya Krapf na Rebmann kwa pamoja, ilihaririwa na T. H. Sparshott na kutoka mwaka 1887. Jina la Salimini halikuwekwa juu ya jalada la kamusi iliyojaa maneno yake.

Tukio hilo la mwisho linarejesha swali la mwanzo. Katika maisha ya Rebmann kuna sababu nne za mtu kujitenga zilizosukana kama nyuzi za ukili. Ya kwanza ni jeraha la kutoaminiwa. Ya pili ni misiba iliyowaondoa aliowapenda. Ya tatu ni msimamo ambao wenzake hawakuukubali. Ya nne ni kazi isiyokwisha. Huenda hata moja kati ya hizo, ikiwa pekee, isingetosha kumweka Kisuludini miaka yote hiyo. Zote kwa pamoja zilimfanya aone kwamba kurudi kwa watu wake kungekuwa ugeni mkubwa kuliko kubaki ugenini.

Leo Rabai ina jumba la makumbusho linalohifadhi historia ya wamisionari hao. Wageni huenda kutazama majengo ya kale na kusikiliza simulizi ya theluji. Mwanafunzi wa leksikografia anayefungua kamusi katika maktaba ya Kesses au ya Dar es Salaam ana sababu nyingine ya kumkumbuka mtawa yule. Kila kidahizo katika kamusi kina mtu aliyekitamka na mtu aliyekiandika, na aghalabu ni mmoja tu anayetajwa. Salimini alitoa maneno, Nyondo akatoa macho, Krapf na Sparshott wakatoa mtambo. Rebmann alijitenga kadiri binadamu awezavyo, lakini chungu chake hakikuinjikwa mpaka mafiga mengine yalipopatikana.